Kwa nini 18 na si 31? Namna ya kujua kama matende na mabusha yamekwisha

Matende na mabusha ni maradhi yanayofahamika tangu zamani kwa watu wa pwani yetu, kuanzia Mikindani na Msangamkuu hadi Msimbati na mdomo wa mto Ruvuma. Huletwa na minyoo midogo sana iendayo kwa mbu kutoka mtu mmoja hadi mwingine. Mpango wa taifa wa kuyatokomeza ulianza mwaka 2000 kisiwani Mafia, kisha ukaenea mikoa mingine. Dawa zake ni mbili, ivermektini na albendazoli, nazo humezwa mara moja kwa mwaka.

Halmashauri nyingi za nchi yetu zimekwisha kuacha kugawa dawa hizo. Hata hivyo, katika miaka ya 2020 Manispaa ya Mtwara Mikindani ilikuwa bado miongoni mwa halmashauri chache zilizoendelea kugawiwa. Ndipo swali linapotokea majumbani: “Mbona wagonjwa tunaowaona ni wazee wachache tu, na bado tunaambiwa tumeze dawa? Nani anaamua kwamba ugonjwa umekwisha, naye anajuaje?”

Swali hilo ni la haki. Jibu lake ni la hesabu zaidi kuliko la dawa, na kila familia inaweza kulielewa.

Kuchoma gunia kwa bambo

Kumpima kila mtu wa mkoa mzima haiwezekani. Kazi hiyo ingemaliza fedha na miaka. Kwa hiyo hupimwa wachache, na kutokana nao hukadiriwa sehemu ya watu wote walio na vimelea.

Njia hii si ngeni kwetu. Mnunuzi wa mpunga hamwagi gunia zima chini; hulichoma kwa bambo akatazama punje zinazotoka. Ghalani nako, korosho chache huchukuliwa kutoka magunia mbalimbali, zikapasuliwa na kuhesabiwa zilizo nzima na zilizooza. Lakini kila mkulima anajua kwamba kipimo hicho ni cha haki pale tu korosho zinapochotwa bila kuchagua. Akichota juu ya gunia ambako mwenye mali amepanga zilizo nzuri, mpimaji atadanganyika. Hata akipasua nyingi zaidi, ataendelea kudanganyika.

Kwa watu ni vivyo hivyo. Tukihesabu wanaofika hospitali peke yao, tutadhani ugonjwa ni mwingi kuliko ulivyo, kwani aendaye hospitali ni mgonjwa tayari. Tukihesabu wanaoonekana barabarani tutadhani ni mchache, maana wenye mabusha wengi hujificha kwa aibu. Kipimo cha haki ni kile ambacho kila mtu ana nafasi ya kuchaguliwa inayojulikana, awe mzima au mgonjwa, awe wa mjini au wa kijiji cha mwisho kando ya mto.

Kadirio na nafasi yake ya kukosea

Hata tukichagua kwa haki, bahati inabaki. Tuchukue mfano wa malaria. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikadiria kwamba karibu asilimia 20 ya watoto wadogo waliopimwa katika mkoa wa Mtwara walikuwa na vimelea vya malaria, wakati kwa nchi nzima ilikuwa karibu asilimia 8. Je, asilimia 20 hiyo ni kweli kabisa?

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme wamepimwa watoto 400, na 80 wakakutwa na vimelea. Hiyo ni asilimia 20. Sasa zidisha 20 kwa 80, yaani wenye vimelea katika mia mara wasio navyo. Utapata 1,600. Gawa kwa idadi ya waliopimwa, 400, upate 4. Kipeuo cha pili cha 4 ni 2. Zidisha kwa 2, unapata 4. Maana yake ni kwamba kadirio letu ni asilimia 20, likiwa na nafasi ya kukosea ya 4 juu na 4 chini. Ukweli huenda uko kati ya 16 na 24. Njia hii ikitumika mara nyingi, mipaka yake huukamata ukweli karibu mara 95 katika kila 100.

Kama wangepimwa watoto 100 tu, nafasi ya kukosea ingekuwa 8, na ukweli ungeweza kuwa popote kati ya 12 na 28. Kwa watoto 1,600 ingekuwa 2. Angalieni kwamba ili kupunguza makosa kwa nusu, inabidi kuwapima mara nne zaidi. Ndiyo sababu uchunguzi mzuri ni ghali.

Inafaa ieleweke pia kuwa watoto wa shule moja hufanana. Wanakaa karibu, wanaumwa na mbu walewale. Kuwapima watoto 30 wa shule moja hakutupi habari nyingi sawa na kuwapima watoto 30 wa vijiji 30. Kwa hiyo uchunguzi unapofanywa kwa mashule, idadi ya watoto huongezwa, hata kufikia maradufu.

Sifuri katika mia moja

Tuseme sasa katika kijiji wamepimwa watu 100 wa matende na mabusha, na hakuna hata mmoja aliyekutwa na vimelea. Wengi watashangilia kuwa ugonjwa umekwisha. Je, ni kweli?

Kama ukweli ni kwamba watu 2 katika kila 100 wa eneo hilo wana vimelea, kipimo cha watu 100 kitatoa sifuri karibu mara 13 katika kila 100, kwa bahati tu. Hata kama ni watu 3 katika 100, bado sifuri inaweza kutokea karibu mara 5 katika 100. Hivyo basi sifuri katika watu 100 inatuambia kuwa ugonjwa huenda uko chini ya asilimia 3. Haituambii kuwa haupo. Ikiwa watu 100 waliopimwa hawatoshi, sembuse majirani kumi tunaowaona kwa macho?

Hukumu ya kuacha dawa

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2011 mwongozo wa kuamua lini dawa ziachwe. Kwanza dawa zigawiwe angalau miaka mitano, na kila mwaka zimezwe na watu wasiopungua asilimia 65 ya wakazi wote. Kisha, baada ya uchunguzi wa awali katika maeneo machache, hupimwa watoto wa miaka 6 na 7. Wazee huachwa kwa sababu nzuri: mzee mwenye busha huenda aliambukizwa miaka 30 iliyopita, na minyoo yake imekwisha kufa. Mtoto wa miaka 6 ameishi karibu maisha yake yote wakati dawa zinagawiwa. Akikutwa na dalili ya minyoo katika damu, basi mbu wameieneza hivi karibuni.

Mahali ambapo ugonjwa huenezwa na mbu kama wa kwetu, yaani Anofelesi wa mashambani na Kuleksi wa vyoo na maji machafu ya mjini, mpaka uliowekwa ni asilimia 2. Chini ya hapo hutarajiwa kwamba ugonjwa utashindwa kujiendeleza wenyewe.

Idadi ya watoto wa kupimwa hutegemea ukubwa wa eneo. Mojawapo ya idadi zilizomo katika mwongozo huo ni watoto 1,556. Asilimia 2 ya 1,556 ni 31. Msomaji atadhani kwamba wakikutwa watoto 31 au pungufu, eneo limefaulu. Sivyo. Kikomo chake ni watoto 18. Wakiwa 18 au chini, eneo limefaulu. Wakifika 19, limeshindwa, na dawa huendelea kwa miaka miwili zaidi kabla ya kupima tena.

Kwa nini 18 na si 31? Tufikirie eneo ambalo ukweli wake ni asilimia 2 kamili, yaani bado lina ugonjwa wa kutosha kuenea. Tukiweka kikomo 31, eneo hilo litafaulu karibu nusu ya mara zote, kama kurusha shilingi. Kuamua afya ya maelfu ya watu kwa kurusha shilingi si busara. Kwa hiyo wataalamu huanza kwa kudhani kuwa ugonjwa bado upo, kisha wakadai ushahidi wa nguvu wa kuiondoa dhana hiyo. Kikomo kikishushwa hadi 18, eneo lenye asilimia 2 au zaidi haliwezi kufaulu kwa bahati zaidi ya mara 5 katika 100.

Hukumu yoyote ya namna hii ina makosa mawili yanayowezekana. La kwanza ni kuacha dawa wakati ugonjwa bado upo. La pili ni kuendelea na dawa wakati ugonjwa umekwisha. Hayawezi kuondolewa yote kabisa. Ukilibana moja, jingine hupanuka, isipokuwa ukiongeza idadi ya wanaopimwa. Kosa la pili linatugharimu fedha, na kumeza vidonge mwaka mmoja au miwili zaidi. Kosa la kwanza linaweza kumgharimu mtoto mguu wake miaka ishirini baadaye. Ndiyo maana la kwanza limebanwa zaidi. Hata hivyo la pili halikusahauliwa: eneo ambalo ukweli wake ni asilimia 1 lina nafasi ya kufaulu angalau mara 75 katika 100.

Na kufaulu mara moja hakutoshi. Uchunguzi hurudiwa mara mbili zaidi, kila baada ya miaka miwili au mitatu.

Funzo la Zanzibar

Ndugu zetu wa Zanzibar waligawiwa dawa hizi kuanzia mwaka 2001, na watu wengi sana walizimeza. Vimelea vikashuka mno katika maeneo machache yaliyokuwa yakichunguzwa, na ugawaji ukasimama mwaka 2006. Miaka ikapita. Uchunguzi uliofanywa baadaye ulionyesha kuwa maambukizi bado yanaendelea, na mwaka 2013 dawa zikaanza kugawiwa upya. Hapana shaka dawa zilikuwa zimefanya kazi kubwa. Lakini maeneo machache yasiyo na vimelea hayawezi kusema kwa niaba ya visiwa vizima.

Familia ifanye nini?

1. Tumeze dawa mbele ya mgawaji. Kidonge kilichowekwa kabatini huandikwa daftarini kuwa kimemezwa, na asilimia 65 inakuwa ya karatasi tu. Wasiomeza ni watoto walio chini ya miaka mitano, wajawazito na wagonjwa mahututi. Mama aliyejifungua karibuni amweleze mgawaji.

2. Tusiwafiche watoto siku ya kupimwa. Huchukuliwa tone la damu kidoleni, mchana, na majibu huonekana kwenye kipimo kidogo baada ya dakika chache. Zamani damu ilichukuliwa usiku wa manane kwa sababu vimelea hutoka usiku, na hilo lilizidisha uvumi wa mumiani. Kipimo cha siku hizi hakina haja ya usiku.

3. Mtoto aliyechaguliwa asibadilishwe. Baadhi ya wazazi huona afadhali kumtoa mtoto mwenye afya na kumbakiza nyumbani aliye dhaifu. Huko ni kupanga korosho nzuri juu ya gunia.

4. Tuwakumbuke wasiokuwapo. Watoto walio dagoni na wavuvi, au walio mashambani ng’ambo ya Ruvuma na wazazi wao, huenda ndio wanaoumwa na mbu zaidi. Wakikosekana shuleni siku hiyo, jibu litakuwa zuri kuliko ukweli.

5. Wenye mabusha wasione aibu. Mabusha hutibiwa kwa upasuaji. Mwenye matende aoshe mguu kila siku kwa sabuni na maji safi, aukaushe vizuri, na aende zahanati akipata kidonda au homa.

Siku ambayo eneo letu litapimwa, watoto wachache watasimama kwa niaba ya maelfu. Mzazi atakayempeleka mtoto wake bila hila atakuwa amewasaidia watoto wa kijiji kizima kupata jibu la kweli.