Picha Nzito Zilizomkosesha Mzee Wetu Maziko

Mzee mmoja wa msikiti wetu aliikosa swala ya jeneza ya jirani yake wa miaka mingi. Tangazo tulilituma asubuhi kupitia programu ya simu ya msikiti. Maziko yakafanyika baada ya Adhuhuri. Alipokuja Alasiri kutuuliza kwa nini hatukumjulisha, tuliifungua programu katika simu yake: ikaganda, kisha ikajifunga. Kosa lilikuwa letu wanakamati, tuliojaza humo picha za ujenzi wa madrasa kama zilivyotoka kwenye kamera.

Vijana wetu walitueleza chanzo. Picha yenye vitone 4,000 kwa 3,000 huweza kuchukua megabaiti 3 au 4 tu inapohifadhiwa, kwa kuwa imefinywa. Inapofunguliwa, kila kitone kwa kawaida huhitaji baiti 4 katika kumbukumbu ya kazi, jumla megabaiti 48. Picha kumi ni megabaiti 480. Simu ndogo ikielemewa huifunga programu ili ijinusuru. Kwa hiyo kufinya faili pekee kusingetosha. Ilibidi vitone vyenyewe vipungue.

Picha zilishushwa hadi vitone 1,000 kwa 750, na kila moja sasa huhitaji megabaiti 3, yaani sehemu moja ya kumi na sita ya mzigo wa awali. Kwenye kioo cha simu ni vigumu jicho kugundua tofauti. Aidha, programu hufungua picha zinazoonekana tu na kuziachia zilizopita, na nakala za muda zimewekewa kikomo ili zisijaze hifadhi. Matangazo ya misiba hutangulia kwa maandishi matupu.

Nasi majumbani tuna wajibu. Tuzime upakuaji wa picha unaojiendesha wenyewe katika makundi ya ujumbe, tufute zilizojirudia, na picha za wazazi wetu tuzihamishie kwanza mahali salama kabla ya kufuta chochote. Tunapomtumia mtu picha, tukumbuke kuwa tunatumia bando lake na nafasi ya simu yake.

Tumefundishwa kuepuka israfu hata katika maji ya udhu. Mzee wetu tulimwomba radhi, akatusamehe, kisha tukafuatana naye makaburini kumwombea dua jirani yake. Maziko yenyewe hayakurudi. Tangazo la msiba ni amana, na inshaallah hatutaliacha tena likwame nyuma ya picha.