Kulipia gemu kwa mwezi: nani anafaidika, mchezaji au kampuni?

Kwa mtu wa Tunduma anayelipia king'amuzi, jambo hili halihitaji maelezo marefu. Ukilipa kifurushi, chaneli zinaonekana. Kifurushi kikiisha, hata kama ni dakika ya 80 ya mechi, skrini inabaki na maandishi tu. Kampuni za gemu za video nazo zimeingia kwenye mtindo huohuo, na vijana wanaocheza gemu hapa mpakani, Mlowo na Vwawa wanauliza kama ni nafuu au ni mtego.

Walioanza mapema ni Electronic Arts, watengenezaji wa gemu ya mpira iliyoitwa FIFA na ambayo tangu 2023 inaitwa EA Sports FC. Mwaka 2014 walileta EA Access kwa dola 4.99 kwa mwezi. Leo inaitwa EA Play. Microsoft walifuata na Game Pass mwaka 2017, Ubisoft wakaja na yao 2019. Sony wanayo PlayStation Plus, ambayo mwenye PS4 au PS5 anatakiwa kuilipia ili acheze na wenzake mtandaoni katika gemu nyingi za kununua.

Faida ipo, tusiikatae. Gemu kubwa mpya huuzwa dola 60 hadi 70. Mtu anayependa kuonja hiki na kile anaweza kulipia mwezi mmoja, akamaliza gemu tatu au nne, kisha akaacha. Kwake hesabu inalipa.

Ila wachezaji wengi wa huku hawachezi hivyo. Ingia kwenye kibanda cha gemu jioni: ni mpira, kisha mpira tena, labda na mieleka kidogo. Anayecheza gemu moja mwaka mzima anafaidika nini na orodha ya gemu mia? Tena EA Play ya kawaida haimpi ile anayoitaka kwa wakati. FC mpya ikitoka, mwenye kifurushi hupewa saa 10 za kujaribu. Gemu kamili huingizwa miezi mingi baadaye, ligi zenyewe zikiwa zinaelekea ukingoni.

Halafu kuna bei, ambayo haikai mahali pamoja. EA Play ilipanda Marekani mwaka 2024 kutoka dola 4.99 hadi 5.99. Oktoba 2025 Microsoft walipandisha Game Pass Ultimate kutoka dola 19.99 hadi 29.99 kwa mwezi. Ukichukua dola moja kwa shilingi 2,500, hiyo ilikuwa karibu shilingi 75,000 kila mwezi, na usipolipa huna gemu hata moja. Mwenye CD yake kabatini hakuguswa na ongezeko hilo.

Januari 2024 Philippe Tremblay, aliyekuwa akisimamia huduma ya kulipia kwa mwezi ya Ubisoft, alisema wachezaji wanapaswa kuzoea kutomiliki gemu zao. Wengi walikasirika, na sisi tunaona walikuwa na sababu. Machi 31 mwaka huohuo Ubisoft walizima seva za The Crew, gemu ya magari ya mwaka 2014. Hata walioinunua kwenye CD hawakuweza kuicheza tena, kwa kuwa ilitegemea seva hizo. Ndipo likazaliwa vuguvugu la Stop Killing Games, ambalo mwaka 2025 lilivusha saini milioni moja barani Ulaya. Kwa hiyo CD nayo si kinga ya kila kitu. Lakini EA walipoziondoa FIFA za zamani kwenye maduka ya mtandaoni mwaka 2023, wenye CD waliendelea kucheza mechi zao kama kawaida.

Kwetu kuna tatizo kubwa kuliko hayo yote. Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi ambazo Sony wanaruhusu kufungua akaunti ya PlayStation. Jambo hilo lilizua kelele duniani Mei 2024, pale gemu ya Helldivers 2 ilipoondolewa sokoni kwenye kompyuta katika nchi na maeneo zaidi ya 170 yasiyo na huduma hiyo. Vijana wetu hufungua akaunti wakijiandikisha kuwa wako Marekani au Afrika Kusini, kisha hununua kadi za malipo za nchi hiyo kwa mtu wa kati, ambaye naye anaweka cha juu chake. Akaunti ikifungwa kwa kukiuka masharti, hakuna ofisi ya kwenda kulalamika. Hatari zaidi ni akaunti za kuchangia zinazouzwa mitandaoni: muuzaji akibadili nywila, pesa imekwenda.

Bado bando. Gemu moja kubwa ya sasa inaweza kuwa na GB 50 hadi 100, na kila unayoichagua kwenye kifurushi lazima uipakue. CD ya PS4, kwa upande mwingine, inaazimwa, inabadilishwa, inauzwa. Hata ikinunuliwa Nakonde inacheza Tunduma, maana CD za gemu za PS4 na PS5 hazijafungiwa nchi.

Wenye vibanda wajue pia kwamba masharti ya huduma hizi yanaruhusu matumizi binafsi tu, si biashara.

Kwa hiyo, kwa anayecheza mpira tu, ushauri wetu ni CD ya msimu uliopita, tena iliyotumika. Mwenye intaneti nzuri nyumbani anaweza kujaribu mwezi mmoja. Azime kwanza malipo ya kujirudia kwenye akaunti, na kama analipa kwa kadi ya mtandaoni, aweke kiasi cha mwezi huo peke yake.