Je, Wajua? Nusu ya Safari ya Mimba
Mjamzito mwenye mtoto wa kike tumboni amebeba pia chimbuko la wajukuu wake. Kufikia wiki ya 20, ovari za mtoto huyo zina mayai kama milioni 6 au 7. Baada ya hapo hupungua tu. Akizaliwa, hubaki milioni 1 hadi 2.

Katika wiki hiyo ya 20, mtoto ana gramu 300 hivi, lakini alama za vidole vyake zimekwishajichora.

Mji wa mimba sasa uko usawa wa kitovu.

Kwa mimba ya kwanza, mama wengi huanza kumsikia mtoto kati ya wiki ya 18 na 20. Ni mpapatiko mwepesi, hata wengine hudhani ni gesi. Wiki ya 24 ikifika hujasikia kitu, mama, nenda kliniki siku hiyohiyo.