Kitabu kwanza, Luger baadaye: Marejeo ya kuaminika kwa wakusanyaji wa bastola za kale

MTU anayenunua bastola ya kale kabla ya kuisoma vitabuni hununua hadithi ya muuzaji, wala si bastola. Kosa hilo huwagharimu wakusanyaji fedha nyingi, hasa wale wanaovutiwa na Luger ya Ujerumani.

Silaha hiyo, iliyobuniwa na Georg Luger, ilianza kutumiwa na jeshi la Uswisi mwaka wa 1900. Jeshi la wanamaji la Ujerumani liliipokea mwaka wa 1904, nalo lile la nchi kavu mwaka wa 1908, ndipo ikaitwa P08. Iliundwa na viwanda kadhaa, vikiwemo DWM, Erfurt na Mauser, kila kimoja kikiwa na chapa zake. Kwa sababu hiyo, bastola mbili zinazofanana machoni zaweza kutofautiana mno kwa thamani.

Sifa ya kwanza ya kitabu kizuri ni picha za karibu zinazoonyesha chapa halisi. Michoro pekee haitoshi, kwa kuwa mwenye kughushi huiga chapa na kuigonga upya kwenye chuma.

Pili, kitabu kieleze mpangilio wa nambari. Katika P08 za jeshi, hesabu ilianza upya kila mwaka, na ilipofika 10000 herufi ikaongezwa. Hivyo nambari moja yaweza kupatikana katika bastola nyingi. Inayozitenganisha ni herufi, mwaka na kiwanda. Vipuri vidogo navyo vilipigwa tarakimu mbili za mwisho. Visipolingana, thamani hushuka.

Tatu, kifafanue mambo yanayotatiza. Baadhi ya Luger zina tarehe mbili, kwa mfano 1917 na 1920. Asiyejua hudhani ni ghushi, ilhali 1920 ilikuwa alama ya mali ya serikali baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Vilevile, Mauser ilitumia herufi K kuficha mwaka wa 1934 na G kwa 1935.

Nne, mwandishi atenganishe ushahidi na uvumi. Jina "Mjane Mweusi", wanaloitwa Luger zenye vishikio vyeusi, lilizuka miongoni mwa wafanyabiashara baada ya vita. Kitabu kinacholitaja kana kwamba lilitoka jeshini kisomwe kwa tahadhari.

Umri wa kitabu pia ni muhimu. Kile cha Fred Datig cha mwaka wa 1955 kilifungua njia, na "Lugers at Random" cha Charles Kenyon cha 1969 bado husaidia kutambua aina mbalimbali. Hata hivyo, utafiti umesonga mbele, na kazi ya Joachim Görtz na Geoffrey Sturgess, iliyochapishwa karne hii, yafaa kulinganishwa nayo. Vitabu vya bei, kwa upande wao, huchakaa upesi; msomaji atumie picha zake lakini asitegemee takwimu zake.

Hakuna kitabu kimoja kinachotosha. Jambo likithibitishwa na waandishi wawili waliochunguza kila mmoja kivyake, lina uzito. Wakinakiliana, ni ushahidi wa mtu mmoja tu.

Nchini Kenya, kumiliki bastola bila cheti ni kosa la jinai. Kitabu hakihitaji cheti, na ndiyo sababu nyingine ya kuanza nacho. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.