Kuchagua Zana za Umeme za Kazi za Nyumbani

Likizo ya Desemba iliyopita mama alinikabidhi fedha alizodunduliza kwa kuuza dagaa, akaniambia, "Baba, sasa umekuwa mkubwa. Nunua mashine uniwekee rafu jikoni, na ule mlango wa uani uurudishie bawaba." Nikapanda daladala kutoka kwetu Mkolani mpaka mjini Mwanza, nikarudi na grenda. Kwa nini grenda? Kwa sababu vijana wa mtaani huitumia, nayo hutoa cheche za kupendeza. Nilipofika nyumbani ndipo nilipotambua kwamba grenda haitoboi tundu la skrubu. Nikaona haya kusema. Nikajaribu kukatia ubao wa rafu. Diski ikabanwa, mashine ikaruka, ikanichana mkono wa kushoto. Nilishonwa nyuzi 6, na rafu haikuwekwa likizo ile.

Muhula ulipoanza nilimweleza fundi seremala wa shuleni kwetu. Hakunicheka. Aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, uliiuliza kazi, au uliyauliza macho?" Haya ninayoandika ni yale niliyojifunza kwake, na katika masomo ya fizikia, baada ya swali hilo.

Jambo la kwanza ni kuandika kazi kabla ya kwenda dukani. Fundi alinitaka niandike kila kitu kilichoharibika nyumbani. Niliandika kazi 7: rafu, bawaba, fimbo ya pazia, kioo cha kutundika, kitanda kilicholegea, ubao wa kukata, na panga la kunoa. Tulipozihesabu, kazi 5 zilihitaji tundu au skrubu. Ubao ungekatwa kwa msumeno wa mkono, na panga lingenolewa kwa tupa. Hapakuwa na kazi hata moja iliyohitaji cheche. Nadhani msomaji akiandika orodha ya kwao ataona jambo lilo hilo: mashine ya kwanza ya nyumba ni drili.

Drili si kitu kigeni kwetu. Mafundi wa majahazi wa pwani walitoboa mbao kwa kekee tangu zamani, wakiizungusha kwa upinde na kamba. Umeme ulikuja baadaye: mwaka 1895 kampuni ya Wilhelm Fein ya mji wa Stuttgart, Ujerumani, ilitengeneza drili ya umeme ya kushikwa mkononi. Kazi ni ile ile; kilichobadilika ni nguvu inayozungusha.

Mwanafunzi wa kazi hii yafaa achague drili ya waya yenye wati 500 hadi 750, inayoweza kwenda polepole na kwa kasi kwa kubonyeza kiasi, na inayoweza kuzunguka kinyume ili kufungua skrubu. Tena iwe na swichi ya kugonga, yenye alama ya nyundo. Kuta zetu nyingi ni za tofali, nazo hutobolewa kwa kugonga pamoja na kuzunguka. Ukitoboa ubao au chuma, iondoe swichi ile kwenye nyundo. Biti nazo ni za namna tatu: za mbao zina ncha kali katikati, za chuma ni laini kwa nje na husaidiwa na tone la mafuta, za ukuta zina kipande cha chuma kigumu kilichopanuka nchani. Biti ya mbao ukiitia ukutani, umeiharibu.

Walakini, drili ndogo ina mpaka wake. Mwanza ni mji wa miamba ya matale, na misingi mingine imejengwa kwa mawe hayo hayo. Drili ya nyumbani ikikutana nayo, biti hupata moto na kuisha makali, wala tundu halisongi. Hapo aitwe fundi mwenye mashine kubwa.

Jambo la pili ni kusoma kibati kilichobandikwa kwenye mashine. Umeme wetu ni volti 230, mizunguko 50 kwa sekunde. Mashine za mitumba hutoka nchi mbalimbali: Japani hutumia volti 100, na Marekani 120. Mashine ya namna hiyo ukiichomeka kwetu moja kwa moja, huungua mara moja, na fedha imekwenda. Tafuta maandishi 220–240 V. Tafuta pia alama ya mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa. Maana yake ni kwamba mashine imezuiliwa umeme mara mbili, kwa hiyo haihitaji waya wa ardhini.

Mama aliogopa kwamba mashine itamaliza umeme wa LUKU. Nilimwonyesha hesabu. Drili ya wati 600 ikifanya kazi kwa dakika 10 hutumia uniti 0.1 tu, na matundu ya rafu moja hayafiki dakika 10. Mkondo wake ni 600 kugawanya kwa 230, yaani ampia 2.6 hivi, ambao soketi ya ampia 13 huubeba bila taabu. Illa ukitumia waya wa ekstensheni uliozungushwa kwenye kibao, ukunjue wote. Waya uliokunjwa hauwezi kutoa joto lake, na kwa mashine kubwa huweza kuyeyuka.

Wengine watauliza juu ya drili za betri. Ni nyepesi, na umeme ukikatika hazisimami. Lakini betri huchakaa kwa miaka, bei yake si ndogo, na betri ya kampuni moja kwa kawaida haiingii kwenye mashine ya nyingine. Kwa mwenye fedha kidogo na soketi karibu, ya waya hudumu zaidi.

Baada ya drili, usiharakishe. Msumeno wa umeme wa kukata kwa kupanda na kushuka, uitwao jigso, wafaa kwa mtu anayekata mbao mara kwa mara. Mashine ya msasa ni ya mwenye meza na milango mingi. Grenda iwe ya mwisho, tena kwa chuma tu. Grenda ndogo ya diski ya milimita 115 huzunguka karibu mara 11,000 kwa dakika. Diski kubwa ya milimita 230 imetengenezwa kwa mizunguko isiyozidi 6,600 hivi. Kuna vijana huondoa kinga ya chuma ili diski kubwa ienee. Mwenye kufanya hivyo anazungusha diski kwa zaidi ya mara moja na nusu ya kasi inayoiweza, mbele ya uso wake. Ikipasuka haimpi nafasi ya kukwepa.

Kwa hiyo, kabla ya kununua mashine ya pili, nunua miwani ya kinga. Usivae glavu wala mikono mipana unapotoboa, maana biti huvuta nguo na mkono ukafuata. Chomoa plagi kabla ya kubadili biti. Wala usitoboe ukuta juu au chini ya soketi na swichi, kwani nyaya hupita humo.

Likizo ya Juni grenda yangu nilimwuzia jirani mchomeleaji, kwa hasara. Nikaongeza akiba yangu, nikanunua drili ya waya na biti chache. Siku ya kwanza niliweka rafu. Ya pili, bawaba. Mama aliijaribu rafu kwa kuweka sufuria moja, akangoja, akaweka zote. Hakusema neno juu ya fedha zilizopotea. Naandika haya ili ndugu zangu mnaokwenda likizo msinunue mlichonunua machoni, na ninyi wazazi muwaulize wana wenu orodha ya kazi kabla ya kuwapa fedha.

Mwanafunzi, Kidato cha IV