Kwa Nini Twatawadhana Miguu



Muhula wa kwanza rafiki yangu wa bwenini, ambaye ni Mwislamu, alichukua Biblia yangu akasoma Injili ya Yohana, mlango wa 13. Akakuta ya kuwa Yesu aliwatawadha wanafunzi wake miguu. "Kumbe nanyi mnatawadha," akasema. "Mbona sijakuona hata siku moja?" Sikuweza kumjibu upesi. Nilimwahidi nitamjibu kwa maandishi, na wengine wakipenda wasome pia.

Neno ni lile lile, lakini tendo si moja. Mwislamu hutawadha kabla ya sala. Huosha uso, huosha mikono mpaka viwikoni, hupaka maji kichwani, huosha miguu mpaka vifundoni, na kazi hiyo huifanya mwenyewe juu ya mwili wake. Katika Injili hakuna aliyejitawadha. Mwingine ndiye aliyeinama.

Ili kuifahamu ajabu ya jambo hili, yafaa mtu awe amepata kuteremka kwa miguu kutoka milimani hadi Same mjini wakati wa kiangazi. Milima ya Upare huzuia mvua itokayo upande wa bahari, kwa hiyo huku nyuma yake ni pakavu, na mtu hufika mjini na vumbi mpaka magotini. Nchi ya Wayahudi zamani zile ilikuwa na njia za namna hiyo, na watu walivaa viatu vilivyo wazi kama makatambuga yetu. Mgeni akifika aliletewa maji ya miguu, na kumwosha ilikuwa kazi ya mtumwa. Usiku ule mtumwa hakuwapo, na katika wanafunzi 12 hakuna aliyeinuka. (Mimi nadhani kila mmoja alikuwa akimtazama mwenzake, kama sisi siku ya zamu ya kuosha choo.) Aliyeondoka mezani akajifunga kitambaa ni Mwalimu mwenyewe. Petro alikataa kuoshwa, mpaka akaonywa. Yuda naye alikuwapo, na miguu yake ilioshwa kama ya wenziwe.

Makanisa hayalishiki jambo hili kwa namna moja. Kwa Wakatoliki padri huosha miguu ya watu siku ya Alhamisi Kuu. Mwaka 2013 Papa Fransisko, aliyefariki mwaka 2025, aliingia katika gereza la vijana mjini Roma siku hiyo akaosha miguu ya vijana 12, na miongoni mwao walikuwamo wasichana na Waislamu. Sisi Waadventista Wasabato, ambao wamisionari wetu wa kwanza walitoka Ujerumani wakaanza kazi hapa Upare, mahali paitwapo Giti, mwaka 1903, hufanya hivyo kila tunapokaribia Meza ya Bwana, na kwa kawaida ni mara moja kila robo ya mwaka. Twaiita huduma ya unyenyekevu. Wanaume huenda upande wao, na wanawake upande wao. Kila wawili huchukua beseni la maji na taulo. Mmoja hukaa, mwenziwe hupiga magoti, huosha mguu huu na huu, hufuta, kisha hubadilishana. Huomba pamoja, ndipo wote hurudi kanisani kwa mkate na kikombe. Aliye na neno na mwenziwe hutakiwa alimalize kwanza.

Hayo yote ningaliweza kumwambia rafiki yangu siku ile ile. Lililobaki nilijifunza likizo ya Juni.

Kwetu ni milimani, upande wa Suji, na kiangazi twategemea ndiva. Ndiva ni bwawa dogo la udongo na mawe. Maji ya kijito hukusanyika humo usiku, na asubuhi mlango hufunguliwa yakateremka kwa mfereji hadi mashambani, kila nyumba kwa zamu yake. Kuiba zamu ya mtu ni kosa kubwa, nami niliiba. Maharage yetu yalikuwa yameanza kunyauka. Siku ya zamu ya mzee mmoja jirani yetu niliamka gizani, nikafungua ndiva, nikayaelekeza maji kwetu, kisha nikaziba tena nikarudi kulala. Mzee alipofika alikuta ndiva nusu. Hakusema neno kwa mtu.

Sabato ya pili ikawa ya Meza ya Bwana. Nilikusudia kutawadhana na kijana wa rika langu, lakini kabla sijamfikia, yule mzee alisimama mbele yangu na beseni. Nikasema, "Babu, haifai. Kaa wewe, mimi ndimi mdogo." Akajibu, "Utanitawadha baadaye. Kaa kwanza, mjukuu wangu."

Nikakaa. Mimi ni kiranja, na watoto wa kidato cha kwanza huniogopa, lakini pale sikuweza kuinua macho. Mzee alipiga magoti kwa shida, akaushika mguu wangu wa kulia. Ndipo nikamwambia kwa sauti ndogo habari za ndiva. Hakuacha kuosha. Akasema, "Nilijua tangu asubuhi ile. Nyayo zako nilizikuta kwenye tope."

Zamani nilikuwa nikimcheka Petro. Sasa simcheki. Kuinama ni kazi, lakini mtu aweza kuinama na bado akajiona mwema. Kukaa ukioshwa na mtu uliyemkosea, naye ajua, hapo huna pa kujificha. Na Yesu alikuwa ajua alipofika kwenye miguu ya Yuda. Neno hilo nilikuwa nimelisoma mara nyingi bila kustaajabu.

Zamu yangu ilipofika nilimtawadha. Visigino vyake vilikuwa na nyufa zilizojaa udongo, nikakawia sana.

Jioni nilimweleza baba. Aliniuliza maswali mengi, akampa yule mzee zamu zetu mbili, nami nikaamriwa kuzoa tope la ndiva siku mbili, peke yangu. Siku ya pili, kabla ya saa nne, mzee alikuja na jembe lake, akakunja suruali, akashuka topeni.