Mteguko: Neno la Kueleza Ugumu wa Shaba na Chuma

Misafara iliyofika Ujiji katika karne ya 19 ilichukua masango, yaani nyaya nene za shaba ya manjano, ambayo mafundi waliyazungusha yakawa vitindi vya mikononi. Sango lililokunjwa likiwa baridi hukaza. Kulinyosha ni kazi kuliko kulikunja, na kulilegeza hapana budi litiwe motoni. Jambo hili wahunzi walilijua tangu kale. Elimu ya leo imeongeza sababu yake, na sababu hiyo yataka neno.

Atomu za shaba hujipanga katika fuwele kwa umbo la mchemraba, moja katika kila pembe na moja katikati ya kila uso. Shaba inapokunjwa, tabaka za atomu huteleza. Lau tabaka nzima ingehama kwa mara moja, ingehitajiwa nguvu kubwa mno. Mwaka 1934 Taylor, Orowan na Polanyi, kila mmoja peke yake, walieleza kwamba tabaka huhama kidogo kidogo, mfano wa mkeka mpana usogezwao kwa kusukuma kikunjo kimoja kutoka ukingo hadi ukingo. Mstari wa kikunjo hicho ndani ya fuwele ndio unaotafutiwa jina.

Kila pigo la nyundo huizidisha mistari hiyo. Ikiwa michache hupita bila kizuizi, na metali huwa laini. Ikiwa mingi hukatana na kusokotana kama nyavu za wavuvi wa dagaa, na metali hukaza. Moto huzipa atomu nguvu ya kujipanga upya, na mistari mingi hutoweka.

Chuma nacho kina mchemraba wake, wenye atomu katikati ya umbo badala ya nyuso; lakini chuma safi kikipita nyuzi 912 za Selsiasi hujipanga kama shaba. Mfano wake uko Kigoma. Meli iliyoitwa Liemba tangu 1927 iliunganishwa huko na kushushwa ziwani mwaka 1915, mabamba yake yakishikizwa kwa ribiti. Ribiti hupigwa ingali nyekundu kwa moto, ili mistari itoweke upesi kama inavyozaliwa, na chuma kisikaze chini ya nyundo.

Neno «kasoro», likitumiwa peke yake, lapotosha, maana lina lawama ndani yake. Hali kasoro hizi ndizo ziifanyazo metali ifulike, na zikizidi ndizo ziipazo uimara. «Mteguko» lafaa zaidi. Kiungo kilichoteguka hakikuvunjika. Kimehama mahali pake, nacho chaweza kurudishwa. Kwa metali, mrudishaji ni moto.